Mkanda wa kahawia umepauka, mweusi haujaja: tupeane uzoefu, wana karate wa Unguja na Pemba

Mleta uzi
Assalaam alaykum. Wapo vijana wengi huku kwetu waliokaa na mkanda wa kahawia mpaka umepauka. Ngumi wanazo, mateke wanayo, na bado mtihani wa dan ya kwanza, yaani mkanda mweusi, unawarudisha. Naomba tuandike yanayomrudisha mtu, kwa vipimo, na namna ya kuyatengeneza. Nani alimpiga nani, hayo tuyaache barazani.

Naanza na mtindo wa Shotokan kwa kuwa ndio niujuao. Mtihani una kihon (mbinu za msingi), kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) na kumite (kupambana na mwenzako). Watu hujifungia miezi sita na ile kata ndefu, kumbe wanaanguka dakika tano za mwanzo kwenye kihon. Mtahini akiagiza sanbon-zuki, ngumi tatu kwa hatua moja, jicho lake liko kwenye kisigino cha nyuma. Kikinyanyuka tu, kalamu imeshaandika. Na kosa lenyewe mara nyingi haliko kisiginoni: kifundo cha mguu kimekaza, au nyonga imechelewa na mkono umeshatangulia.

Timazi
Niongezee kwenye zenkutsu-dachi, msimamo wa mbele wenye goti la mbele lililokunjwa, maana ndiyo nusu ya mtihani. Chukua uzi, funga kokoto, tengeneza timazi kama ya fundi muashi. Simama kwenye msimamo wako, shikilia uzi katikati ya goti la mbele. Kokoto lining'inie juu ya kidole gumba cha mguu. Likiingia ndani ya mguu, goti limelala, na hapo ndipo magoti ya watu yanapoharibikia. Likibaki nyuma, juu ya kifundo, umesimama wima mno. Miguu iachane kwa upana wa nyonga ukitazamwa kwa mbele. Wengi wanatembea kama walio juu ya kamba moja, wakigeuka wanayumba. Uzito mbele kama asilimia 60. Kwenye kokutsu-dachi, msimamo wa nyuma, ni kinyume, asilimia 70 iko mguu wa nyuma, na matako yasitokeze.

Mkono unaorudi kiunoni nao unasahauliwa. Mkono huo, hikite, ukilegea, ngumi ya mbele inakuwa ya kusukuma.

Maji Kupwa
Wenzetu mnaofanyia mazoezi pwani, jamani, angalieni saa ya maji. Yakishakupwa mchanga wa chini unakuwa mgumu na tambarare, hapo fanya kata. Juu kwenye mchanga mkavu fanya kuruka na mbio tu. Ukirudia kata kila siku kwenye mteremko wa pwani, mguu mmoja unazoea kuwa chini, na ukiingia ukumbini kwenye sakafu ya saruji unainamia upande bila kujua.

Mtu wa Wete
Kata. Kwanza msizidharau zile kata tano za Heian. Walizipanga kwa ajili ya skuli za Okinawa enzi za Anko Itosu, ndiyo maana watu wanaziita za watoto. Lakini mtahini ana haki ya kukuitisha yoyote, na kule ndiko mtu anakosea kwa aibu. Heian Shodan ina hatua 21, na kiai, ule ukelele wa nguvu, ni mbili: hatua ya 9 na ya 17. Heian Godan ina 23, kiai ya 12 na ya 19. Ya 19 ndiyo ile ya kuruka. Mtu anaruka kwenda mbele kama anavuka mtaro, anatua magoti yamenyooka, mwili unamtupa. Ruka juu, vuta magoti, tua umechuchumaa miguu imepishana, mikono imeshafika kwenye juji-uke, kinga ya mikono iliyopishana, kabla kishindo hakijaisha. Weka fagio limelala chini ulivuke, likikugusa hujaruka.

Kata ya kuchagua: Bassai Dai ina hatua 42, Kanku Dai 65, Jion 47, Empi 37, Hangetsu 41. Mzito mwenye kiuno kizuri aende Bassai Dai au Jion. Mwepesi aende Empi, ila ile ya kuruka na kuzunguka karibu na mwisho ndiyo inayowamaliza. Kanku Dai nzuri, lakini ukiishiwa pumzi hatua ya arobaini kila mtu anaona. Hangetsu sishauri kwa kijana, ina taratibu nyingi za pumzi, na ukiifanya haraka imekufa.

Kingine: weka alama ya chaki pale unapoanzia. Kata inatakiwa ikurudishe hapo hapo. Ukipotea zaidi ya urefu wa mguu, hatua zako za kulia na kushoto hazilingani. Mara nyingi kulia ndiyo ndefu.

Mleta uzi
Hilo la chaki nimelipenda. Na kumite je? Vijana wengi wanaanguka jiyu ippon, ile ya kutangaza shambulio moja na mwenzako kulikinga na kujibu.

Kisiki
Jiyu ippon wanaanguka wanaoshambulia zaidi ya wanaojikinga. Unatangaza "jodan", yaani usawa wa uso, halafu kwa huruma unapiga pembeni ya sikio la mwenzako. Yeye anakinga hewa, nyote wawili mnapoteza. Ngumi iende puani kweli, uizuie kwenye ngozi. Kama huna uwezo wa kuizuia, hujafika wakati wa mtihani.

Anayejikinga kosa lake ni kuondoka mapema. Ukisogea kabla mguu wa mwenzio haujaondoka, umekisia, na mtahini anaona. Ukishakinga, rudi na gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, palepale, usirudi nyuma tena hatua ya pili, utakuwa mbali na ngumi yako haitafika. Pangeni mashambulizi yote: jodan, chudan (usawa wa kiwiliwili), mae-geri (teke la mbele), yoko-geri kekomi (teke la ubavuni la kusukuma), mawashi-geri (teke la kuzunguka). Kinga ya meno usiazime.

Makumbi
Makiwara, ubao wa kupigia ngumi. Msinunue, tengenezeni. Ubao wa upana wa sentimita 10 hivi, mnene chini, uchongwe upungue hadi sentimita 2 juu ili upinde. Chimbia sentimita 70, upigilie mawe, kichwa chake kifike usawa wa chembe ya moyo. Juu zungusha kamba ya usumba, mizunguko iliyobanana, urefu wa shubiri moja na nusu. Kosa la watu wetu ni kusimamisha boriti nzima la mkoko. Halipindi, nguvu yote inarudi kwenye kifundo cha mkono. Anza ngumi 20 kila mkono, kwa vifundo viwili vya mwanzo tu. Ngozi ikichanika acha mpaka ipone.

Sanchin
Sisi wa mtindo wa Goju-ryu mnatusahau. Kwetu chimbuko ni kwa Chojun Miyagi, na Sanchin, kata ya pumzi na kukaza mwili, ndiyo kila kitu. Mwalimu anakupiga mabegani na mapajani kuangalia umeshika wapi. Wanaoanguka hubana mabega badala ya kwapa, uso unakuwa mwekundu. Vifaa vya nguvu vinapatikana nyumbani: chishi ni kopo la rangi lililojazwa saruji na kuchomekwa mpini wa sentimita 40, kilo 3 zinatosha. Na mitungi ya udongo yenye mdomo, miwili, unaibeba kwa ncha za vidole ukitembea Sanchin. Anza mitupu, ongeza mchanga kibaba kila wiki.

Mama Gi
Mambo madogo yanayoharibu siku. Kitabu cha madaraja kiwe na muhuri wa kila kyu, yaani kila daraja la kabla ya mkanda mweusi. Ukurasa mmoja ukikosa saini, unabaki mtazamaji. Uliza mapema cheti kitatoka wapi, cha chama cha nchini au cha makao makuu ya mtindo wenu, maana ada si moja. Wa Pemba wanaovuka, msipande boti asubuhi ya mtihani, hasa kusi kikivuma. Kichefuchefu na Kanku Dai haviendi pamoja.

Gi, nguo ya karate, iwe nyepesi kaskazi hii. Ile nzito inalia vizuri, lakini ikilowa jasho inakuwa blanketi. Wasichana, mtandio ubanwe kwa pini za plastiki au uwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, pini ya chuma hairuhusiwi na ina hatari.

Maji Kupwa
Na Ramadhani? Mitihani mingine inaangukia Shawwal.

Mtu wa Wete
Saa moja kabla ya futari fanya kata taratibu, bila kutokwa jasho jingi. Kihon ya nguvu na kumite viwe baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa maji kidogo kidogo, siyo jagi zima kwa mkupuo. Daku usiache. Siku kumi za mwisho punguza mazoezi, shika Heian tu, na ile chaki.