Ushauri: Mlango wa ngazi ya dharura una kufuli, nasi tuko ghorofa ya nane

MamaIlham
Wakuu, habari zenu. Nimepanga Kariakoo, ghorofa ya nane. Chini maduka, katikati stoo, juu sisi wapangaji. Ngazi zipo mbili, ila ya nyuma imepigwa kufuli tangu wezi waingie mwaka jana, na ya mbele imejaa marobota ya mitumba. Juzi usiku boksi la mita za LUKU ghorofa ya tatu lilitoa moshi. Mama yangu ana magoti mabovu, tukamteremsha gizani kwenye kiti cha plastiki. Kwenye marobota kiti hakikupita, ikabidi kaka amweke mgongoni. Msimamizi anasema asiyependa ahame. Kodi nimeshalipa miezi sita. Nianzie wapi?

FundiUpanga
Pole sana dada. Kufuli hilo halina utetezi. Kuna komeo la kusukuma: nje halifunguki, ndani unalibonyeza kwa kiwiko bila ufunguo. Wezi hawaingii, watu wanatoka.

MwanaMtoni
Mimi niko London. Juni 2017 Grenfell Tower, ghorofa 24, ngazi moja tu, iliua watu 72. Moto ulianzia kwenye friji ghorofa ya nne, ukashika mabamba ya alumini yenye plastiki katikati yaliyovishwa ukuta wa nje, ukapanda hadi juu. Watu waliambiwa wabaki ndani. Agizo lilipobadilishwa, saa 8:47 usiku, ngazi ilishajaa moshi. Nikipita pale hadi leo moyo unaniuma.

MamaIlham
Sasa siku ikitokea tukae au tushuke?

ZimaMstaafu
Ngazi ikiwa haina moshi, shukeni mapema, lifti msiiguse. Ukikuta moshi mzito, rudi ndani, funga mlango, ziba chini kwa taulo lililolowa, nendeni dirisha la barabarani. Piga 114, taja ghorofa na idadi yenu. Chumba cha mama kiwe hicho cha barabarani, kuanzia leo. Halafu piga picha za kufuli na marobota, wapangaji msaini pamoja, mpeleke zimamoto. Sheria yao ya 2007 inawaruhusu kuingia kukagua.

MamaIlham
Asanteni sana. Wapangaji saba wameshasaini, barua naipeleka kesho asubuhi. Nimefungua na kabati la mpira wa maji pale koridoni: mna ufagio na kopo la rangi tu. Hilo nalo niandike?

ZimaMstaafu
Liandike la kwanza, na picha yake.