Patricia Routledge (Hyacinth): alichekeshaje bila kupiga kelele?

Mwalimu_Ipogolo:
Kamwene wadau. Klabu ya maigizo ya shule hapa Iringa mjini inaandaa jioni ya kumkumbuka Patricia Routledge, mwigizaji Mwingereza aliyefariki Oktoba 2025, yule aliyecheza Hyacinth, mama anayejifanya wa tabaka la juu, kwenye vichekesho vya televisheni vya BBC, Keeping Up Appearances. Tutakuwa na maelezo mafupi ya maisha yake, halafu igizo letu wenyewe la dakika 12: mama wa Gangilonga anajifanya wa matawi ya juu, ghafla ndugu zake wanashuka kwenye Fuso na magunia ya viazi kutoka Makete. Binti anayecheza huyo mama anapiga kelele mwanzo mwisho na kwenye mazoezi hakuna anayecheka. Routledge alikuwa anafanyaje? Na kabla ya kipindi hicho kuanza 1990 alikuwa wapi?

Mdau_wa_Jukwaa:
Kamwene mwalimu. Anza na maisha yake, maana dawa ya hizo kelele imo humo humo.

Alizaliwa 17 Februari 1929 Tranmere, Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Baba yake alikuwa na duka la nguo za wanaume. Akasoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Liverpool, akaenda kusomea uigizaji kwenye shule ya Bristol Old Vic, na mwaka 1952 akaanza kazi jukwaani kwenye ukumbi wa Liverpool Playhouse. Hyacinth alikuja Oktoba 1990. Piga hesabu: mama alikuwa na miaka 61, na nyuma yake kuna miaka karibu 40 ya jukwaa.

Halafu alikuwa mwimbaji hasa, mwenye sauti iliyofundishwa. Mwaka 1968 alipata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, kwa Darling of the Day, igizo la nyimbo, sawa kwa sawa na mwigizaji Leslie Uggams, ingawa mchezo wenyewe ulifungwa Broadway, kwenye kumbi za New York, baada ya kama mwezi mmoja. Mwaka 1976 akacheza 1600 Pennsylvania Avenue, igizo lenye muziki wa mtunzi Mmarekani Leonard Bernstein. Huo ulikufa baada ya maonyesho 7. Mwaka 1988 akarudi na muziki wa Bernstein huyohuyo kwenye Candide jijini London, akachukua Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya Uingereza. Hiyo michezo iliyoanguka msiifiche kwenye maelezo yenu. Inawaonyesha wanafunzi kwamba mchezo unaweza kufa na mwigizaji akatoka na jina.

Kwenye televisheni alipita Coronation Street, tamthilia ndefu ya Uingereza, mwaka 1961. Ila kazi ambayo huyo binti anapaswa kuitazama ni ya Kitty, kwenye vipindi vya mchekeshaji Victoria Wood vya 1985 na 1986. Mwanamke ameketi kwenye kiti, anaongea na kamera peke yake. Hakimbii, haanguki, na studio nzima inacheka. Akimaliza hapo atazame A Lady of Letters, igizo la televisheni la mtu mmoja la mwandishi Alan Bennett, 1988. Sauti na utaratibu ni vilevile, lakini mwisho wake unaumiza.

Mengine kwa ufupi: Keeping Up Appearances iliandikwa na Roy Clarke, misimu 5, vipindi 44, ikaisha Krismasi 1995 kwa sababu yeye mwenyewe aliona sasa inatosha. Akafanya Hetty Wainthropp Investigates, tamthilia ya upelelezi, 1996 hadi 1998. Alipewa nishani za heshima za Uingereza: OBE 1993, CBE 2004 iliyo juu zaidi, na mwaka 2017 akapewa cheo cha Dame. Hakuolewa.

Kihesa_Juu:
Kuhusu kelele. Hyacinth hajui kama anachekesha. Anaamini kabisa kwamba mlo wake wa jioni wa mishumaa ni heshima kwa mtaa mzima. Binti yenu akipandisha sauti anawaambia watazamaji "chekeni", nao wanakataa.

Mpeni sauti tatu. Ya kwanza ni ya simu: taratibu, kila herufi imepigwa pasi. Ya pili ni ya kumwamrisha mume: chini zaidi, fupi, bila hasira. Ya tatu ni ya ndugu wanapotokea: hiyo isikike mara mbili tu kwenye igizo zima. Kicheko kinatoka pale anapohama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya sentensi. Akianza juu hana pa kuhamia.

Mazoezi yaende hivi. Asome mistari yote ameketi, mikono mapajani, bila ishara hata moja. Achore mstari wa penseli kila anapovuta pumzi. Arudie akiwa amesimama na pochi mkononi, pochi isiguse meza. Ishara zije mwishoni kabisa. Wengi huanza na ishara, ndiyo maana maneno hayasikiki.

Na watu wakicheka asiendelee kusema. Asimame hivyohivyo, uso usibadilike, asubiri kicheko kianze kushuka ndipo aseme mstari unaofuata. Akisubiri kiishe kabisa, ukumbi umepoa.

Jambo la mwisho: nusu ya ucheshi wa Hyacinth uko mikononi mwa wengine. Elizabeth, jirani yake, hana tatizo na kikombe mpaka Hyacinth amwambie akiangalie kisivunjike. Hapo mikono inaanza kutetemeka. Richard, mume aliyechezwa na Clive Swift, anafunga macho tu. Kwa hiyo mchagueni jirani mzuri kuliko mnavyohangaika na mama. (Hata mtoto wao Sheridan, ambaye haonekani hata siku moja, anachekesha kwa sababu mama anamsikiliza kwenye simu mpaka mwisho.)

Mama_Mwanjelwa:
Ndaga kwa uzi mzuri, natokea Mbeya. Naongezea ya vifaa. Kikombe kiwe cha udongo, maji ya kawaida nusu, chai ya moto marufuku, na wekeni cha akiba nyuma ya pazia. Gunia lionekane lumbesa, lakini ndani jazeni majani makavu ya mahindi, juu tandazeni viazi kama kilo 5. Gunia halisi linahitaji watu wawili kulinyanyua na mnapoteza dakika nzima.

Halafu hao ndugu wa Makete msiwafanye wajinga. Onslow, shemeji wa Hyacinth, na fulana yake ndiye mwenye raha kuliko wote mle ndani, hana aibu na mtu. Mkiwadharau wanakijiji, ukumbi wa Iringa utakaa upande wao na mama atabaki anachukiwa.

Mwalimu_Ipogolo:
Ndaga mama, ndaga wote. Tulipanga pia aimbe vibaya, kama Hyacinth anavyomwimbia Emmet, kaka wa jirani yake Elizabeth. Hapo napo anapiga kelele tu.

Mdau_wa_Jukwaa:
Wimbo wa kuharibu lazima kwanza uimbwe sawasawa. Routledge aliweza kupotosha sauti kwa sababu alijua ilipotakiwa kuwa. Chagueni wimbo wa kanisani ambao ukumbi wote unaujua, msiuandike upya. Mistari miwili ya kwanza iende vizuri kabisa, wa tatu apande nusu toni juu ya inapotakiwa kwenye neno la mwisho na ang'ang'anie hapo kwa fahari. Mpiga kinanda asimfuate, abaki kwenye ufunguo wake. Akikosea tangu mwanzo watu watamwonea huruma.

Kihesa_Juu:
Na kama ukumbi wenu ni wa bati na msimu wa mvua umeanza, tangulizeni igizo kabla haijanyesha, maelezo ya maisha yafuate kwa kipaza sauti. Sauti ile ya simu haishindani na mvua.