Wizards wanasukwa upya: tufuate njia ya Oklahoma, Philadelphia, Detroit au Indiana?

BabaNeema_SilverSpring (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu.

Ni Julai 2025, na nimetimiza miaka miwili ya kuitazama timu yangu ikila vichapo. Msimu wa 2023/24 Washington Wizards, timu yetu ya kikapu kwenye ligi ya NBA ya Marekani, walishinda mechi 15 wakapoteza 67, rekodi mbaya kuliko zote tangu klabu iundwe. Uliofuata tukashinda 18. Ndani ya msimu huo mmoja tulipoteza mechi 16 mfululizo mara mbili. Mimi naishi Maryland, uwanja uko karibu, naenda na mwanangu wa miaka kumi kila ninapopata nafasi. Kwa hiyo habari hizi sizisomi tu, nazishuhudia kwa macho yangu.

Kilichonifanya niandike ni mechi ya mwisho ya msimu, Aprili, kule Miami. Bub Carrington, kijana wa Baltimore hapa jirani, chipukizi aliyecheza mechi zote 82, alirusha mpira wa mwisho, ukaingia, tukashinda. Mwanangu aliruka mpaka akagonga meza. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu nilijua Utah wamemaliza na ushindi 17, na kikapu kile kilitutoa mkiani, na wa mkiani ndiye anayelindwa zaidi kwenye droo ya kuchagua vijana wapya. Mtoto akaniuliza, "Baba, si tumeshinda? Mbona hufurahi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Mwezi uliofuata ikaja droo, inayopanga timu ipi ianze kuchagua vijana wapya kwenye drafti. Kwa kanuni iliyoanza 2019, timu tatu za mkiani zina nafasi sawa, asilimia 14, ya kupata chaguo la kwanza kwenye drafti. Tofauti ni kwamba wa mwisho kabisa hawezi kushuka chini ya nafasi ya tano, na wa pili kutoka mwisho anaweza kushuka hadi ya sita. Tukashuka hadi ya sita. Dallas waliokuwa na asilimia 1.8 wakapata la kwanza, wakamchukua Cooper Flagg. Sisi tulimpata Tre Johnson kutoka Texas. Anajua kufunga, simlaumu. Lakini misimu miwili ya maumivu imezaa nafasi ya sita.

Sasa nauliza kwa moyo mmoja. Kuna timu zilizopita njia hii kabla yetu. Ipi inafanana na yetu, na ipi tuiogope? Mwenye hoja aje.

Wanjiru_254

Pole sana Baba Neema. Hilo swali la mtoto limeniuma.

Mimi nasema njia ni Oklahoma City, na si kwa sababu wametwaa ubingwa mwezi uliopita. Wengi wamesahau walikotoka. Desemba 2021 walifungwa na Memphis 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA! Msimu wa 2020/21 walishinda 22, uliofuata 24. Halafu 40, halafu 57, halafu 68 na kombe. Ukiwa katikati ya shida huwezi kuona mwisho wake.

Na viongozi wetu wametoka huko huko. Will Dawkins, meneja mkuu, alikaa Oklahoma miaka mingi kabla ya kuja Washington 2023. Anajua kusaka vijana. Alex Sarr aliyechaguliwa wa pili 2024 ameingia kikosi bora cha kwanza cha chipukizi, Carrington kikosi cha pili, na Kyshawn George alipatikana nafasi ya 24. Hizo si bahati tupu. Mimi huku Nairobi huamka saa tisa usiku kuwatazama, na naona mabadiliko ambayo jedwali halionyeshi.

Mwalimu_wa_Kikapu

Dada Wanjiru, nakuheshimu lakini hapo kwa Oklahoma nina neno.

Kila shabiki wa timu inayopoteza anajifananisha na Oklahoma, na karibu wote wanaruka ukurasa wa kwanza wa hadithi. Oklahoma hawakumpata nyota wao kwa kupoteza. Walimpata siku ya kwanza ya ujenzi. Julai 2019 walimpeleka Paul George kwa Clippers, wakapewa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana machaguo mara mbili. Chaguo mojawapo lilikuja kuwa Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Yaani nguzo mbili za timu iliyotwaa ubingwa zilitoka kwenye biashara moja. Kupoteza ndiko kulikowapa Chet Holmgren, nguzo ya tatu. Lu Dort hata kwenye drafti hakuchaguliwa.

Sisi tulipomwacha nyota wetu tulipata nini? Bradley Beal alikuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa. Timu haikuwa na uhuru wa kuchagua mnunuzi. Tukapokea Chris Paul, Landry Shamet, machaguo ya raundi ya pili na haki za kubadilishana machaguo. Hakuna Shai pale. Sarr ana miaka 20, ni mrefu, mwepesi, ana kipaji cha kulinda, lakini bado hatujui kama ndiye nguzo au ni tofali zuri tu. Ukiwa na nguzo, kila kijana anayeingia anajua atasimama wapi. Bila nguzo una vijana sita, na kila mmoja anajaribu kuwa yeye.

Nafundisha kikapu sekondari hapa Mwanza, na naliona hilo kila muhula. Ukiweka watoto watupu uwanjani bila mkubwa wa kuwatuliza, hawajifunzi kucheza. Wanachojifunza ni kukimbiza mpira.

Kigamboni_Senta

Naomba niwakumbushe Watanzania wenzangu jambo moja kuhusu hizi nafasi za juu.

2009. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, anachaguliwa wa pili na Memphis. Nilikuwa kidato cha tatu na tulishangilia mtaani kana kwamba tumechaguliwa sisi. Nyuma yake walikuwepo James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Msimu ule ule wa kwanza Memphis walimshusha ligi ya chini, tena kwenye timu iliyoitwa Dakota Wizards. Simsemi vibaya, yule ni ndugu yetu na alifungua mlango. Ninachosema ni kwamba nafasi ya pili haikuwapa Memphis walichotarajia, na yeye mwenyewe haikumpa muda wa kukua.

Na katika drafti hiyo hiyo, Washington walikuwa na chaguo la tano. Waliliuza kwa Minnesota ili wapate Mike Miller na Randy Foye, kwa sababu walitaka kushinda haraka. Curry alikuwa bado yupo mezani. Kwa hiyo mnaposema tulete nyota wa haraka, mimi nakumbuka hilo. Msimu uliofuata tulishinda mechi 26.

Goma_Kikapu

Jambo ndugu zangu wote.

Mimi naleta mfano ambao hamkuutaja: Golden State. Nawafuatilia kwa sababu ya Jonathan Kuminga, mtoto wa hapa kwetu Goma, aliyechaguliwa wa saba 2021. Wao walitaka kufanya mambo mawili kwa pamoja, kushinda na akina Curry huku wakilea vijana. James Wiseman alichaguliwa wa pili 2020, na kabla 2023 haijafika katikati alikuwa ameshauzwa. Kuminga mpaka leo anacheza dakika thelathini leo, kesho anakaa benchi. Kombe la 2022 walilipata, ni kweli, lakini lililetwa na wakubwa.

Kwa hiyo mimi naona kinyume cha Mwalimu. Wachezaji wakubwa wakiwa wengi, kijana anakosa dakika. Washington angalau wanawapa vijana uwanja. Carrington mechi 82! Kuminga angepewa hizo, leo tungekuwa tunasema mengine.

Mwalimu_wa_Kikapu

Ndugu wa Goma, hatupingani sana. Sisemi wakubwa wachukue dakika. Nasema wawepo wawili au watatu, wanaojua kazi yao. Tazama Detroit.

Detroit ndio mfano ninaoushikilia. Msimu wa 2023/24 walishinda 14 tu, na walipoteza 28 mfululizo. Walikuwa na Cade Cunningham, chaguo la kwanza la 2021, na vijana wengine wa nafasi za juu, lakini wapigaji wa mpira wa mbali walikuwa wachache. Cade akiingia ndani alikuta ukuta wa watu watano. Kiangazi kile wakabadilisha uongozi na kocha, akaja J.B. Bickerstaff, wakawaleta Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley. Hakuna hata mmoja anayeuza jezi. Msimu uliofuata walishinda 44, mara tatu ya ule uliotangulia. Walitolewa na New York raundi ya kwanza ya mtoano kwa 4 kwa 2, na mechi zile zilikuwa za moto.

Cade hakubadilika kuwa mtu mwingine. Walimfungulia nafasi tu.

Mtoto_wa_Tononoka

Hakuna aliyegusa Philadelphia, na ndiyo inayoninyima usingizi mimi.

Sam Hinkie aliingia 2013 kama meneja mkuu. Ushindi 19, kisha 18, kisha 10. Aprili 2016 akajiuzulu. Walipata Joel Embiid, mtu kweli kweli, na baadaye machaguo mawili ya kwanza mfululizo, Ben Simmons 2016 na Markelle Fultz 2017. Mpaka leo hawajavuka raundi ya pili ya mtoano. Karibu zaidi ilikuwa 2019, mechi ya saba, mpira wa Kawhi Leonard wa Toronto ukadunda kwenye chuma mara nne ukaingia. Baada ya hapo ni majeraha na lawama. Timu ilizoea kungojea kesho, na kesho ilipofika magoti ya Embiid hayakuwa tena ya jana.

Indiana nao hawakuwahi kuvuta mkia kwa makusudi. Walimtoa Sabonis 2022 wakampata Haliburton, 2024 wakamleta Siakam, na mwaka huu wamefika mechi ya saba ya fainali. Nasikitika alivyoumia Haliburton siku ile. Lakini njia ile inahitaji uwe na Sabonis wa kutoa. Sisi hatuna.

Wanjiru_254

Tulikuwa naye, kaka. Deni Avdija. Tulimpeleka Portland 2024, na sasa ndiyo anachanua. Hilo nalikubali, lilikuwa kosa la haraka, ingawa Carrington alitokana na biashara hiyo.

Ila Mwalimu, Detroit yako inagongana na jambo moja. Chaguo letu la 2026 lina deni. Mambo yalianzia kwenye biashara ya kubadilishana wachezaji John Wall na Westbrook ya 2020, na sasa linadaiwa na New York. Likiangukia nafasi nane za kwanza tunabaki nalo, na deni linageuka kuwa machaguo mawili ya raundi ya pili. Likianzia la tisa kwenda chini, limeondoka. Na drafti ya 2026 ina AJ Dybantsa, Darryn Peterson na Cameron Boozer. Tukifanya kama Detroit msimu ujao, tukashinda 35, tunawapa New York chaguo hilo bure. Uko tayari?

Mwalimu_wa_Kikapu

Hapo umenishika, dada. Sijui shabiki gani anaweza kulijibu hilo bila kuumia.

Lakini nifanyie hesabu hii. Timu yenye vijana hawa, hata ikicheza kwa nguvu zote kila usiku, haifiki 35. Ikifika 25 nitashangilia. Kwa hiyo hakuna haja ya kumficha mchezaji benchi robo ya nne ili mechi ipotee. Wacheze kufa na kupona, wapoteze kwa sababu ni wadogo, na chaguo libaki. Mwanafunzi wangu anajua tofauti ya kushindwa na kuachia. Na wakubwa tayari wapo: Khris Middleton mwenye pete ya ubingwa ya Milwaukee, na CJ McCollum aliyeletwa kiangazi hiki mchezaji wetu Jordan Poole alipokwenda New Orleans. Mikataba yote miwili inaisha 2026. Mwaka mmoja wa kulea vijana, halafu nafasi ya kulipa mishahara ya wachezaji wapya inafunguka. Kocha Brian Keefe awape kazi ya kweli, wasiwe wa kukaa na nguo za kawaida.

Kigamboni_Senta

Hiyo naiunga mkono. 2026 ndiyo mwaka wa kutumia pesa, si sasa. Na nyota atakayeletwa awe wa umri wa kukua na hawa vijana, tusirudie ya Foye na Miller.

Goma_Kikapu

Kabisa. Na dakika za Sarr zisiguswe.

BabaNeema_SilverSpring

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni, mmenitendea wema.

Klabu hii ilitwaa kombe lake pekee 1978, na baada ya msimu wa 1978/79 haijawahi kufikisha ushindi 50. Ina maana mimi na mwanangu hatujawahi kuona hata msimu mmoja wa aina hiyo. Kwa hiyo siogopi kungoja. Ninachoogopa ni kungoja huku tukiomba timu yetu ifungwe. Aliposema Mwalimu kuhusu kushindwa na kuachia, nilikumbuka usiku wa Desemba tulipowafunga Denver baada ya vichapo 16. Nyota wao Jokić alifunga pointi 56 peke yake na bado tukashinda. Uwanja mzima ulisimama, na hakuna aliyefikiria droo.

Nimezungumza na mwanangu leo asubuhi. Nimemwambia kikapu kile cha Miami kilikuwa kizuri, na mimi ndiye niliyekosea kukaa. Akaniuliza kama Oktoba tunakwenda. Tiketi za juu kabisa, karibu na paa, nimeshazitafuta.