Nikilala moyo unadunda mbio, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wanasema iko safi, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, mimi ni dada wa miaka 29, huu mwezi wa pili sasa nikilala tu moyo unaanza kudunda mpaka nausikia masikioni, mara unaruka kama umekosa pigo halafu unapiga kwa nguvu, dakika kumi hivi unatulia wenyewe. Nimepimwa ECG wakasema safi nipunguze mawazo. Mawazo gani sasa na kodi nimeshalipa 😅

mama_wawili: Pole mdogo wangu. Mimi nilijua moyo kumbe damu, hedhi ilikuwa inatoka nyingi nikaona kawaida tu, kupimwa nina damu 7 tu! Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, baada ya miezi mitatu nikasahau kabisa. Wewe wingi wa damu wamekupima?

tabibu_wa_kata: Dada, ECG ya kawaida inasoma sekunde kama 10 tu, ni kama gari linalogonga njia nzima ukifika kwa fundi kimya. Rudi uwaombe wakupime wingi wa damu, madini ya potasiamu na tezi ya thairoidi ya shingoni, maana hiyo tezi ikizidisha kazi moyo unakimbia, mikono inatetemeka, unakula na bado unakonda. Kama inakutokea kila siku kuna kimashine cha Holter unavaa masaa 24 kinakamata kila pigo. Ikianza tena hesabu mapigo dakika nzima, ukiwa umepumzika kawaida ni 60 mpaka 100. Ukikuta 150 kwenda juu na inawaka ghafla na kuzima ghafla kama swichi, hapo mshuku umeme wa moyo wenyewe. Ukizimia, kifua kikauma au pumzi ikakata usisubiri asubuhi. Halafu unatumia kahawa, vinywaji vya enaji, dawa za mafua?

bwana_kiroba: Na mirungi pia mkuu mbona hamjaitaja 😂

mleta mada: Mirungi sitafuni jamani 😂 ila enaji ndio, nafanya shifti ya usiku, makopo mawili au matatu. Leo nimehesabu 112, na ilipanda taratibu. Damu hawakupima. Jirani kanipa propranololi zake, vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, anasema zinatuliza, nimeze?

tabibu_wa_kata: Usimeze! Una pumu? Hizo zinaweza kukubana kifua vibaya. Mrudishie, enaji acha kuanzia leo, ila punguza pole pole kama kichwa kitauma, na kesho kapime damu.

mleta mada: Pumu nilikuwa nayo utotoni. Namrudishia sasa hivi.