MREJESHO: Hoteli ya kifahari Paje, vyumba vingi au vichache?

Wakuu, niliuliza kama kiwanja changu cha Paje nijenge vyumba 30 au vichache vya bei kali. Asanteni, hata wewe uliyesema niuze ninunue daladala.

Nimeamua vyumba 8. Kilichonimaliza ni Adrian Zecha, mwanzilishi wa hoteli za kifahari za Aman: alizianza na Amanpuri, Phuket (Thailand), mwaka 1988, hoteli ndogo tu, na jina la Aman likaenea duniani kwa huduma. Hapa kwetu Zanzibar, hoteli ya kisiwa cha Chumbe wana mabanda 7, wanaoga maji ya mvua, na wageni hawalalamikii bei.

Pesa ya jengo kubwa la mapokezi inakwenda kusomesha vijana wa kijijini upishi na lugha. Masika tutafunga, tukarabati. Kushusha bei sitaki. Benki bado wanakuna kichwa. Nembo ikiwa tayari nitaileta mnichane.