Vyumba vya chini vinalia maji, rangi imebanduka mara ya 3, msaada wakuu

mkaziwamlimani:
Wakuu habari za jioni. Nyumba yangu ipo Goba, kiwanja cha mteremko, fundi alichimba mlima akashusha vyumba viwili chini, yani ukija kwa mbele unaona nyumba ya kawaida, ukizunguka nyuma ndo unakuta kumbe ghorofa. Sasa ule ukuta ulioegemea mlima toka masika ya mwaka jana unalia. Unyevu umepanda kama mita 1 kutoka chini, rangi inavimba inatoka kama maganda ya kitunguu, ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe kama wa muhogo. Juzi wife kageuza godoro kakuta upande wa chini limeota ukungu mweusi. Fundi rangi kaja mara 3, anakwangua, anapiga skimu na rangi ya mafuta, miezi miwili tumerudi palepale. Sasa anasema tubandike marumaru ukuta mzima. Nifanyeje?

tofali_nchi6:
Pole mkuu, marumaru achana nayo, utaficha tu. Huo unga ni chumvi, maji yanapita kwenye tofali yanaiyeyusha, yakifika usoni yanakauka chumvi inabaki. Na rangi ya mafuta haipitishi hewa ndo maana inavimba. Maswali mawili, kabla ya kurudishia udongo nyuma ya ukuta walipaka lami au kuweka nailoni? Na maji ya bati upande wa mbele yanaenda wapi?

mkaziwamlimani:
Lami sikuiona mkuu na nilikuwepo, walirudishia udongo siku ileile. Gata ipo nyuma tu kwenye simtanki, mbele yanadondoka chini, yameshachimba kamfereji.

Bibi Kokoto:
Jibu umejipa mwenyewe hahaha. Piga hesabu, bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 tu, hizo ni lita 3,000, mapipa 15 unayamwaga mgongoni kwa hivyo vyumba halafu unamlaumu fundi rangi

mbongo_wa_ohio:
Mi niko Columbus, huku besimenti ni kitu cha kawaida na haya ndo maisha yetu. Nilivyohamia nikakurupuka kununua mashine ya kunyonya unyevu, kila asubuhi namwaga ndoo, kumbe bomba la gata linatema maji palepale kwenye msingi, nikaliunga likamwage mbali kama mita 2 na ndoo ikaanza kuchukua siku 3 kujaa. Mkuu kabla hujatoa hela bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote na gundi ya karatasi, kaa siku 2. Maji yakiwa upande wa chumbani ni jasho la hewa tu, yakiwa nyuma ya nailoni yanatoka ukutani.

shemeji_fundi:
Mbona mi nilipiga plasta ya simenti na dawa ya kuzuia maji kwa ndani, mwaka wa 3 huu pakavu kabisa?

tofali_nchi6:
Shemeji inategemea maji yanasukuma kiasi gani, kwake yatahamia chumba cha pili au yatatokea kwenye sakafu. Mleta mada anza na rahisi, weka gata mbele, udongo ushindilie uinamie mbali na ukuta, kama sm 15 ndani ya mita 3. Pasipokauka subiri kiangazi, chimba nyuma ya ukuta kwa vipande vipande, usifungue wote kwa mkupuo na usishuke chini ya msingi, utaiangusha nyumba. Safisha, piga plasta, paka lami, chini laza bomba lenye matundu litokee kwenye mteremko, funika na kokoto. Ndani kwangua plasta yenye chumvi uache ukuta wazi hata miezi kadhaa. Hapa ndo watu wanashindwa, wiki 2 tu anataka rangi.

mkaziwamlimani:
Mrejesho. Nailoni nimeibandua leo, nyuma imelowa chapachapa, upande wa chumbani pakavu. Fundi gata anakuja Jumamosi. Godoro nimelianika uani, wife kasema halirudi ndani ng'o.