Mimba ya miezi saba, msimu wa salfa, na kichwa kisichoachia: naombeni ushauri

Binti wa Tandahimba
Habari za jioni ndugu zangu. Nina mimba ya miezi saba, ni ya kwanza, naishi kijijini huku Tandahimba. Yapo mambo yananisumbua na kila ninayemuuliza ananijibu "ndiyo mimba yenyewe hiyo, vumilia."

Kiungulia kinaniwaka kila nikijilaza. Usiku shavu la mguu linakaza mpaka napiga kelele. Choo kigumu, na tangu nianze vidonge vya damu kimekuwa cheusi, nikaogopa nikaviacha. Mama mkwe naye anasema bora nimeviacha, vinakuza mtoto halafu nitapasuliwa. Miguu inavimba, na mume wangu kaniambia hata uso umejaa. Pete haitoki kidoleni. Kichwa kinauma tangu juzi. Nikinywa parasetamo kinapoa kidogo, kisha kinarudi.

La mwisho, ndiyo tumeanza kupuliza mikorosho. Mashine ikiwashwa alfajiri salfa inatanda mpaka uani, nami natakiwa niende shamba kubeba maji na mifuko. Nikikataa nitaonekana mvivu. Je, salfa ina madhara kwa mtoto? Na kiungulia nakitibu na nini?

Mama Wawili, Newala
Hongera mdogo wangu, na pole. Kiungulia nilikiona cha moto mimba zote mbili. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usijaze tumbo usiku. Ukimaliza kula kaa au tembeatembea uani, usiende kitandani moja kwa moja, na ukilala inua kichwa na mabega kwa mito. Punguza pilipili na vya kukaanga. Watu watakuletea magadi na majivu, achana navyo. Udongo pia usile hata ukiutamani vipi, una minyoo, na mara nyingi hamu hiyo inawapata waliopungukiwa damu.

Mguu ukikaza, nyoosha goti kisha vuta vidole kuelekea kwako mpaka uachie. Choo: maji mengi (najua huku juu maji ni shida, lakini ya kunywa yasikosekane), papai lililoiva, mlenda, kisamvu, mbaazi.

Mkunga Kusini
Dada zangu, aliyosema Mama Wawili ni sahihi, ila mimi nitaanza na yale aliyoyataja katikati akayapita haraka: uso kujaa, pete kutotoka, kichwa kisichoachia. Binti, kiungulia kitasubiri. Hicho kichwa kisisubiri kesho.

Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama kutwa, ikapungua ukilala, hiyo wajawazito wengi wanayo. Uso na mikono kuvimba pamoja na kichwa kuuma ni habari nyingine. Baada ya wiki 20 presha inaweza kupanda na protini ikaanza kutoka kwenye mkojo, na hali hiyo ikiachwa mama anaweza kuanguka degedege. Ndicho kifafa cha mimba. Majirani watasema mashetani, wataanza kutafuta mganga, na muda unapotea. Presha ikifika 140 kwa 90 tayari tunaanza kushughulika, na wengi wakiwa hapo hawasikii chochote. Parasetamo kukupoza kidogo kusikudanganye, inatuliza maumivu tu, presha iko palepale.

Nijibu haya: unaona marenge au vimulimuli? Unaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu upande wa kulia? Mtoto anacheza kama kawaida? Majibu yoyote yawe, nenda zahanati leo upimwe presha na mkojo. Chukua kadi ya kliniki. Na usinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya hicho kichwa, mimba yako haitakiwi kuiona kabisa.

Baba wa Masasi
Shemeji, naongea na mumeo kupitia wewe. Kaka, usingoje gari la kesho asubuhi. Kama zahanati ikiona mambo mazito, namba 115 inapigwa bure, ndiyo ya m-mama, inapanga usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Sisi bodaboda ilitutesa kwenye barabara ya vumbi, mke anatokwa damu huku nimemshikilia kwa nyuma. Tangu hapo nikiwa na mjamzito nyumbani namba ya mwenye gari iko kwenye simu, fedha ya safari iko pembeni, na ndugu wawili wanajua wataitwa kutoa damu.

Mama Wawili, Newala
Mkunga asante, nilikimbilia kiungulia. Binti uko wapi? Tujibu.

Mkunga Kusini
Wakati tunamsubiri niseme ya salfa, maana wanaosoma hapa wengi ni wa huku kwetu. Salfa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ni vumbi, inawasha macho na kubana kifua, na mjamzito pumzi yake tayari ni fupi. Ninazoziogopa zaidi ni zile dawa za maji za kuulia mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza mikorosho. Hizo zinapenya mwilini hata kwa ngozi. Mjamzito asichanganye, asibebe, asifue nguo za mpulizaji. Siku ya kupuliza ahamie kwa jirani, na maji ya kunywa na vyombo vifunikwe. Kukataa kazi hiyo siyo uvivu, na mume ndiye wa kuisema mbele ya mama yake, siyo mke.

Vidonge vya damu: choo cheusi ni madini ya chuma yanayobaki, hayana ubaya. Havimkuzi mtoto kupita kiasi. Vinamlinda mama asiishiwe damu akijifungua, na huku kwetu malaria inakula damu sana. Meza kila siku na maji au chungwa, siyo na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Dozi za SP, vidonge vya kukinga malaria, nazo zinaanza baada ya miezi mitatu, zinapishana angalau mwezi, usipungukiwe tatu. Anayetumia septrini asipewe SP, amwambie mhudumu. Na chandarua, kila usiku.

Binti wa Tandahimba
Samahanini, simu iliisha chaji. Nilikuwa naona marenge, sikuandika kwa kuwa nilidhani ni njaa. Zahanati walikuta presha 150 kwa 100 na protini kwenye mkojo, wakapiga wenyewe 115, sasa niko hospitali ya wilaya. Nimepewa dawa za presha, wanapima asubuhi na jioni, moyo wa mtoto umesikika vizuri. Mama mkwe yuko hapa kitandani, ndiye aliyenishikia mkoba. Mkunga, daktari amesema nitafuatiliwa mpaka nijifungue. Baada ya hapo inaisha?

Mkunga Kusini
Alhamdulillah umefika. Hapana mama, kuzaa hakuimalizi siku hiyohiyo. Degedege linaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo ukiruhusiwa usiache dawa bila kuambiwa na urudi kupimwa kwa tarehe watakazokupa. Kichwa kikali au marenge vikirudi ukiwa nyumbani na mtoto mchanga, 115 ni hiyohiyo. Mwambie mama mkwe aihifadhi kwenye simu yake pia.